Vidonge vya Mama

Mama yangu anakunywa vidonge viwili vya sukari kwa siku. Kimoja asubuhi baada ya chai, kimoja usiku baada ya kula. Kwa mwezi ni 60. Akirudi navyo kutoka kliniki anavimimina kwenye kopo la zamani la Blue Band, anaandika tarehe kwenye kipande cha plasta, anakibandika juu ya kifuniko, basi. Mwezi wa tatu mwaka huu plasta iliandikwa tarehe 1. Usiku wa tarehe 14, baada ya kumeza cha usiku, alilimimina kopo lote kwenye sinia akaanza kuhesabu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwake. Vilitakiwa kubaki 32. Vilikuwa 10.

"Mwanangu, hebu njoo unisaidie kuhesabu," akasema. "Macho yangu siku hizi siyaamini."

Nikasogea, nikahesabu kwa kidole, kimoja kimoja. "Ni kumi, mama." Nilisema hivyo kama mtu ambaye hajui 22 vimekwenda wapi.

Mhariri aliniuliza kama nataka jina langu litoke. Nimemwomba aliache. Sijifichi ninyi wanachuo wenzangu, maana wa bloku yetu mtanijua tu mkifika aya ya tatu. Ni kwa ajili ya mama. Gazeti hili huwa linazunguka, na mtaani kwetu karatasi yoyote inaweza kuishia kufungia vitumbua.

Nasoma ualimu, mwaka wa tatu, baiolojia na kemia. Mwaka jana nilipangiwa field kwenye sekondari moja ya kata, nikapewa kidato cha pili. Wiki ya pili tu nilishapewa jina: Madam Simtank. Sikulijua mpaka siku niliyofundisha mada ya lishe. Nilikuwa nimefika kwenye magonjwa yanayotokana na kula vibaya, nikaandika ubaoni neno la unene uliopitiliza, nikageuka kuwaeleza maana yake. Darasa likawa kimya, kimya kile cha watoto wanaojizuia. Halafu nyuma kule, sauti ndogo: "Simtank." Darasa zima likalipuka. Nilicheka nao, maana ndivyo tunavyofundishwa, mwalimu asionyeshe kwamba kapatikana. Nikamaliza kipindi. Chooni nikalia dakika kumi, nikanawa uso, nikaingia kipindi kingine.

Kwetu Morogoro sijawahi kuitwa bonge kwa kutukanwa. Shangazi zangu wakiniona wanasema nimenawiri. Nikirudi likizo nimepungua kidogo wanamuuliza mama, "Mtoto huko chuo hali?" Lakini huku kwetu, yaani kwenye simu zetu na kwenye foleni ya kafeteria, kipimo ni kingine, na kila mtu anakijua hata kama hakukiandika. Nilipima kwenye mizani ya zahanati ya chuo mwezi wa kumi na moja: kilo 86.

Mwenzangu wa chumba ndiye aliyenionyesha. Tulikuwa tunaangalia kwenye simu yake habari za mastaa wa Marekani na ile sindano yao, Ozempic, nikasema kwa utani kwamba nikipata boom naagiza. Akacheka. "Shoga, boom lako lote halitoshi. Na friji unayo? Ile kitu inatakiwa ikae kwenye ubaridi kabla hujaanza kuitumia." Akavuta begi lake chini ya kitanda, akatoa karatasi ya vidonge vyeupe kumi. "Sisi tuna Ozempic ya hosteli."

Nilivitambua kabla sijasoma jina. Metformin, miligramu 500. Nimeviona nyumbani tangu nikiwa shule ya msingi.

Siku ya pili yake nikaenda famasi moja nje ya geti. Hii ni dawa ya cheti, kisheria hutakiwi kuuziwa bila karatasi ya daktari. Muuzaji hakuniuliza cheti. Aliniuliza neno moja tu huku akihesabu chenji: "Za mama?" Nikajibu ndiyo. Nilijiona mjanja.

Sasa niwaeleze kidonge chenyewe, kwa sababu ndicho kitu nilichotakiwa kukisoma kwanza, mimi mtu wa baiolojia, nikakisoma mwisho. Asili yake ni mmea mmoja wa Ulaya unaoitwa Galega officinalis, uliotumika zamani kama dawa ya kienyeji. Wanakemia walianzia kwenye viini vya mmea ule wakafika kwenye metformin, na mwaka 1957 daktari Mfaransa aitwaye Jean Sterne akatoa ripoti ya kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari. Aliipa jina la Glucophage, maana yake mla sukari. Marekani waliiruhusu mwishoni mwa 1994. Kazi yake kubwa ni kwenye ini. Ini la mgonjwa wa sukari aina ya pili linamwaga sukari kwenye damu hata wakati haihitajiki, na kidonge kinalipunguza kasi. Kinawasaidia pia misuli kuipokea sukari. Kuna watu wanapungua uzito kidogo wakikitumia. Ni kidogo kweli: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, waliomeza metformin walipungua kwa wastani wa kilo 2.1. Waliopewa mazoezi na mpangilio wa chakula, bila kidonge, walipungua kilo 5.6.

Kilo mbili kwa miaka. Na mimi nilikuwa nataka kumi kabla ya mahafali.

Kitu cha kwanza nilichokipata ni ladha. Kinywa kinakuwa kama umelamba msumari, maji yenyewe yanakuwa na kutu. Cha pili ni tumbo. Dawa hii inatakiwa imezwe na chakula, na daktari huanza na dozi ndogo kisha akapandisha. Sisi tulimeza tumbo tupu, kwa imani kwamba ndiyo inakata vizuri. Mwezi wa pili, kwenye UE ya kemia ya viumbe hai, nilinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani mara nne. Mara ya tatu msimamizi akanisindikiza mpaka mlangoni, akaingia kwanza yeye, akakagua hadi juu ya tenki la maji, akidhani nimeficha karatasi za majibu. Mara ya nne hakunisindikiza tena. Nadhani alisikia.

Matokeo yalikuwa C. Mizani ilisema 83.

Mnaweza kusema basi ilifanya kazi. Mimi pia nilisema hivyo, nikapiga picha, nikaweka status, na watu 40 na ushee wakaiona. Ila wiki zile nilikuwa nakula mara moja kwa siku, nusu ya hicho nilichokula hakikai, na nilikuwa natembea kwa miguu kila mahali kwa sababu hela ya bodaboda imeenda famasi. Sasa kilo tatu zile ni za kidonge, au ni za njaa na kuharisha? Ningekuwa nasahihisha jaribio la namna hiyo la mwanafunzi wangu, ningempa sifuri.

Kulikuwa na binti mwingine ghorofa ya juu yetu, mwaka wa kwanza. Yeye alisikia tu "vidonge vya sukari vinapunguza mwili", hakusikia jina. Akaenda akaomba vidonge vya sukari. Akapewa glibenclamide. Hiyo ni dawa nyingine kabisa, inalilazimisha kongosho kutoa insulini, utake usitake, umekula hujala. Alianguka asubuhi kwenye foleni ya chai, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, anaongea maneno hayaeleweki. Mpishi mmoja wa kafeteria, ambaye mume wake ana sukari, ndiye aliyejua. Alimpa soda kikombe kizima, anywe taratibu. Sisi wa shahada tulikuwa tunampepea na madaftari. Na kichekesho, kama ni kichekesho, ni kwamba glibenclamide kwa kawaida inanenepesha.

Hata baada ya kuliona lile sikuacha. Nilijiambia mimi nameza ile sahihi.

Likizo ikaja, nikapanda treni ya SGR kutoka Dodoma, nikashuka Morogoro na hela ya bajaji tu mfukoni. Vidonge vyangu vilikwisha siku ile ile. Kopo la Blue Band lilikuwa mahali pake, juu ya kabati la vyombo. Limejaa, plasta mpya.

Sitawadanganya kwamba nilipambana sana na nafsi. Tarehe 4 nilichukua viwili. Nilijiambia ni viwili tu. Kesho yake nikachukua viwili. Siku kumi na moja.

Ili muelewe usiku ule wa sinia lazima niwarudishe nyuma kidogo, mwaka 2016. Mama alianza kupungua. Alikuwa mwanamke mwenye mwili, muuza vitumbua ambaye watu walimjua kwa sauti na kwa upana. Ndani ya miezi michache kanga ilikuwa inamzunguka mara mbili. Alikuwa anakunywa maji ndoo nzima, usiku anatoka nje mara tano sita, na asubuhi hana nguvu ya kukoroga unga. Mtaani wakaanza kunong'ona. Mnajua mtaani kwetu mtu akikonda ghafla wanasema nini; hawatamki ugonjwa, wanasema tu "ameukwaa". Wateja wakapungua. Jirani mmoja aliyekuwa anachukua vitumbua ishirini kila asubuhi akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mama alipima virusi mara mbili, akakutwa salama mara mbili, na bado hakuna aliyeamini, maana majibu hayatangazwi barabarani lakini mwili unatangazika. Baadaye sana ndipo kwenye zahanati moja walipomtoboa kidole na kukuta ni sukari.

Alipoanza dawa mwili ukarudi polepole. Nakumbuka siku moja alijaribu gauni lake la zamani la kitenge likamkaa. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akajishika kiunoni kwa mikono miwili, akasema, "Sasa nimekuwa mtu."

Kwa hiyo kidonge kile kile ninachokimeza ili nikonde, mama anakimeza ili asikonde tena.

Usiku wa tarehe 14 alivirudisha vidonge kumi ndani ya kopo, akawaza. Kwanza akasema labda dirisha la dawa walimpunja. Halafu akakumbuka kwamba alihesabu mwenyewe kabla ya kuondoka dirishani. Basi, akasema, atakuwa anameza mara mbili bila kujijua. "Bibi yako alianza hivi hivi," akaniambia. "Kusahau kidogo kidogo." Hapo ndipo moyo wangu uliponidondoka, kwa sababu niliona kweli ameogopa. Alikuwa na miaka 51 na alikuwa ameanza kuamini kwamba akili inamtoka.

Bado sikusema.

Kliniki ilikuwa tarehe 28. Kununua vingine hakutaka. Hela iliyokuwepo ilikuwa ya mchele na mafuta, na nyingine alishaitenga ya nauli yangu ya kurudi chuo. "Nitabanabana," akasema. Akawa anameza kimoja usiku tu, siku nyingine anaruka. Mimi nikaacha siku ile ile. Asubuhi yake nikaomba hela kwa rafiki kwa simu, nikaenda famasi ya mjini kununua vingine nivirudishe kimyakimya. Dada aliyekuwa kaunta akaninyoshea mkono. "Cheti?" Nikasema ni za mama. "Basi lete daftari lake la kliniki, dada yangu." Miezi minne nimenunua dawa hii bila kuulizwa chochote, siku ninayoinunua kwa mgonjwa wa kweli ndiyo naombwa cheti. Na alikuwa sahihi. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wa mama, na kuliomba ilikuwa lazima niseme la nini.

Nikawa silali. Usiku nasoma kwenye simu, nadhani nilikuwa namtafuta mtu wa kuniambia kwamba 22 si kitu. Nikasoma habari za ile sindano ya mastaa. Dawa iliyomo inaitwa semaglutide. Inaiga homoni ya utumbo inayotoka tukila, inayoliambia kongosho litoe insulini, inalichelewesha tumbo kumwaga chakula na kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. Marekani waliiruhusu kwa jina la Ozempic mwezi wa Desemba 2017, kwa ajili ya kisukari. Ya kupunguza uzito, dawa ile ile kwa jina la Wegovy, ilikuja Juni 2021. Na hiyo inapunguza kweli, si utani wa hosteli: kwenye utafiti wake watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68, na waliochomwa dawa walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Walipoacha, ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Wenye unene unaowaumiza moyo na magoti inawasaidia, na daktari anayewaandikia hafanyi kosa lolote. Sina ugomvi na hao.

Kilichonikamata ni kingine. Kufika 2022 kila mtu aliitaka, wenye shida na wenye harusi, na dawa ikaadimika. Watu wenye kisukari, ambao sindano ilitengenezwa kwa ajili yao, wakawa wanafika famasi wanaambiwa haipo, rudi wiki ijayo. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwamba sindano bandia zimekamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Niliisoma habari ile ya nchi kubwa, viwanda vikubwa, mabilioni, na nikaona kopo la Blue Band. Kule waliomaliza dawa ni watu milioni kadhaa wasiojuana na wagonjwa. Hapa kwetu nilikuwa peke yangu, na mgonjwa alikuwa amelala chumba cha pili.

Tarehe 28 tuliamka saa kumi na moja. Mama hajala, maana wanapima kabla ya kula. Mabenchi yalikuwa yameshajaa, akina mama na wazee na madaftari yao mapajani. Ilipofika zamu yake nesi akamtoboa kidole, akasubiri mashine, akaangalia namba, akaangalia daftari. Mwezi uliopita 7.4. Leo 13.8.

"Mama, wewe dawa hunywi."

Mama akasema anakunywa.

"Hunywi. Namba haidanganyi." Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, hakuwa mkorofi, lakini benchi zima lilisikia. "Mnapewa dawa mnaweka kabatini mnakwenda kwa waganga. Halafu mkikatwa mguu mnalia hapa."

Mama yangu, ambaye hata diwani anamwogopa ulimi, aliinamisha kichwa akasema, "Samahani sista. Nilisahausahau." Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wake.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Akauliza kama anameza vizuri, mama akasema ndiyo, kwa sababu aliona aibu kurudia mambo ya kusahau mbele yangu. Daktari akaandika. Dirishani tukapewa bahasha mbili badala ya moja. Mama akanipa nisome ya pili, maana maandishi yalikuwa madogo.

Glibenclamide.

Nilimwona yule binti wa ghorofa ya juu, sakafuni, na soda. Daktari alikuwa amefanya hesabu sahihi kwa taarifa alizopewa: mgonjwa anameza metformin kamili, sukari bado iko juu, basi ongeza dawa. Lakini mgonjwa hakuwa anameza kamili. Kuanzia kesho angerudi kwenye viwili vyake vya kila siku na cha kuongezea juu, aamke saa tisa usiku kama kawaida yake kusaga mchele, hajaweka kitu tumboni, mbele ya jiko la moto na mafuta yanayochemka.

Sikuwa jasiri. Niliishiwa tu na pa kujificha.

Nilimwambia jioni, uani, akiwa anaosha mchele wa kuloweka. Nilianza na habari za dawa mpya, kwamba asiinywe kwanza, akaniuliza kwa nini, nikajibu, akauliza tena kwa nini, ikatoka yote. Simtank, famasi, UE, kopo. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuosha, maji yakawa meupe, akayamwaga, akaweka mengine, yakawa meupe, akayamwaga. Niliongea mpaka maneno yakaisha.

"Kwa hiyo sisahau," akasema.

"Hapana mama. Husahau."

Akashusha pumzi ndefu sana. Halafu kimya, mpaka nikadhani ataniambia niondoke. Alipoongea aliuliza kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

"Vilikuharisha?"

"Ndiyo mama."

"Na kinywani?"

"Kama nimelamba msumari."

Akaacha kuosha. "Miaka tisa," akasema, "nilidhani ni mimi tu." Akanisimulia kwamba miezi ya kwanza ya dawa alikuwa anaacha genge lake na kukimbia nyumbani katikati ya wateja, na kwamba hakumwambia mtu, wala daktari, kwa sababu alishachoka kuwa mtu wa kuugua. Alijifunza mwenyewe kumeza katikati ya chakula. Tulikaa pale uani tukiongea habari za kuharisha mpaka giza likaingia. Mara moja alicheka, ile habari ya msimamizi kukagua choo. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia vizuri.

"Mimi nilikonda nikaona nyuso za watu," akasema. "Wewe unakuita kukonda kuje kufanya nini?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia wanafunzi walinicheka. Akasema, "Watoto watakucheka tu. Ungekuwa mwembamba wangekuita Madam Fagio." Kisha akaniagiza nimletee ungo, mchele ulikuwa tayari.

Kesho yake tukarudi hospitali, yeye na mimi, tukasubiri tena kwenye benchi. Nilikuwa nimejipanga kusema yote mbele ya daktari, nimeyarudia kichwani kama mtu wa mahojiano. Tulipoingia mama akawahi. "Dokta, jana sikukueleza vizuri. Vidonge vyangu vilimwagika kwenye maji, nikawa nameza nusunusu, nikaona aibu kusema." Nikafungua mdomo. Alinikanyaga mguu chini ya meza, tena kwa kisigino. Daktari akamsema kidogo, kwamba kitu kama hicho hakifichwi, kingemletea matatizo makubwa. Mama akaitikia kila neno. Glibenclamide ikafutwa kwenye daftari, tukaambiwa turudi baada ya mwezi kupima tena.

Kipimo kilichofuata kilikuwa 7.9. Alinitumia meseji yenye namba hiyo tu, bila salamu.

Mwenzangu wa chumba anaendelea na vidonge vyake. Tumegombana, tumepatana, sasa hatuliongelei. Mimi nimerudi 85. Boom lililopita nilimtumia mama hela ya vidonge 22, na ya ziada, akaipokea na kusema asante mwanangu, Mungu akuzidishie.

Juzi nilikuwa nyumbani siku mbili. Juu ya kabati la vyombo hakuna kopo. Nilimwona usiku baada ya kula akiingia chumbani, nikasikia ufunguo kwenye droo, halafu akatoka na kidonge kiganjani akanywa maji mbele yangu, tukiongea habari za bei ya mchele. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga. Sikumuuliza.